Serengeti kisha Zanzibar mwishoni mwa Juni, watu sita, siku tisa: tuanzie wapi na tukate wapi?

MamaWawili_Tabata

Wakuu, habari za humu. Naomba msaada wa kupanga likizo ya shule ya katikati ya mwaka. Tuko sita: mimi, watoto wawili (miaka 12 na 7), mama yangu mwenye miaka 68 na goti linalomsumbua, mdogo wangu, na shemeji ambaye ni Mjerumani na hana kibali cha ukaazi. Sisi wengine wote ni Watanzania. Tunaanzia Dar es Salaam. Tarehe ni kati ya 23 Juni na 2 Julai.

Tunachotaka ni Ngorongoro na Serengeti, halafu Zanzibar kupumzika. Maswali yangu:

1. Tuanze na mbuga au na bahari?
2. Shemeji ameona video za nyumbu wakivuka mto Mara na anataka hiyo. Kwa tarehe hizi inawezekana?
3. Gari au ndege? Mawakala wananipa bei zinazopishana sana na sielewi zinatofautiana wapi.
4. Zanzibar tukae upande gani? Watoto wanataka kuogelea, si kupiga picha.
5. Kama bajeti ikikaza, kuna mpango mwingine wa mbuga na bahari ulio wa maana?

Dereva_Kisongo

Dada, mbuga kwanza, bahari baadaye. Mbugani mtaamshwa saa 11 alfajiri, mtakula vumbi na kubanwa kwenye gari, na mama atahitaji siku za kunyoosha goti baada ya hapo. Tena ratiba ya mbuga ndiyo inayoharibika kirahisi: gari likikwama au ndege ikichelewa, unapunguza siku moja ya ufukweni na maisha yanaendelea. Ukianza na bahari, ucheleweshaji wa boti au ndege unakula siku ya hifadhi ambayo umeshailipia.

Kuhusu nyumbu: mwambie shemeji ukweli mapema. Mwishoni mwa Juni makundi makubwa kwa kawaida yako ukanda wa magharibi, kando ya mto Grumeti, au yanaanza kusogea kaskazini. Kuvuka mto Mara kule Kogatende ni habari ya Julai mwishoni hadi Oktoba. Kuna mwaka wanawahi, lakini kulipa pesa ya Kogatende tarehe 25 Juni kwa kutegemea wawahi ni kamari. Kwa tarehe zenu kaeni Seronera, katikati ya hifadhi. Kule simba, chui na viboko wapo mwaka mzima kwa sababu mito ya Seronera haikauki kabisa, na chui hupenda ile miti mikubwa ya kandokando. Kutoka hapo mnaweza kushuka magharibi asubuhi moja kutafuta mkia wa msafara wa nyumbu kama madereva wenzangu watatoa taarifa kwamba upo karibu.

Njia ninayoipendekeza:

Siku ya 1: ndege ya asubuhi Dar hadi Arusha, gari moja kwa moja hadi Karatu, kama kilomita 145 kutoka Arusha mjini, lami tupu. Lala Karatu. Angalia tiketi yako imeandikwa uwanja gani. Uwanja wa Arusha uko Kisongo, dakika chache kutoka mjini. KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro, uko kilomita kama 50. Watu huchanganya na gari huwasubiri kusikokuwa.

Siku ya 2: msikurupuke. Ingieni lango la Loduare, la Ngorongoro, saa 8 mchana. Laleni ukingoni mwa kreta.

Siku ya 3: shukeni kreta lango likifunguliwa saa 12 asubuhi, mtoke kreta kabla ya saa 5, kisha mwelekee Naabi, lango la Serengeti. Muwe mmetoka eneo la Ngorongoro kabla ya saa 8.

Kwa nini saa 8 hadi saa 8? Kibali kinahesabiwa kwa saa 24 tangu mlipoingia. Mkiingia saa 3 asubuhi na kulala ukingoni, kesho yake saa 3 mtakuwa bado chini kreta na mtadaiwa siku ya pili. Serengeti nako ni vivyo hivyo: mkiingia Naabi saa 8 na kulipia siku mbili, dereva lazima awe nje au uwanja wa ndege kabla ya saa 48 kuisha. Kati ya ukingo wa kreta na Naabi barabara ni mbovu, ina mawimbi ya changarawe mwanzo mwisho. Wekeni saa mbili na nusu hadi tatu na msimwamini anayesema saa moja na nusu.

Mama akae kiti cha mbele au safu ya kwanza nyuma ya dereva. Safu ya mwisho iko juu ya ekseli ya nyuma, kila shimo linaishia mgongoni. Landikruza ya kitalii ina viti saba vya abiria. Ninyi sita mnatosha, mizigo nyuma. Msikubali kuongezewa "mtu mmoja tu".

Nguo: ukingo wa kreta uko juu ya mita 2,200 na Juni ni baridi kali usiku. Watu wa Dar huja na kandambili na shuka la kanga. Leteni sweta nzito, soksi na kofia, hasa kwa mtoto wa miaka 7. Gari likifunguliwa paa saa 12 asubuhi, upepo unakata.

Jambo dogo: pale Ngoitokitok, sehemu ya kulia chakula ndani ya kreta, mwewe hunyakua kipande cha kuku mkononi na kucha zake hukwaruza. Watoto wale ndani ya gari.

Hesabu_Kwanza

Nijibu swali la 3, maana ndipo watu wanapoliwa.

Bei za mawakala zinapishana kwa sababu baadhi wanakuhesabia ninyi nyote kama wageni wa nje, wengine wanatenganisha. Angalia tofauti ilivyo kwa ada za kuingia pekee, mtu mzima kwa siku, VAT ya asilimia 18 ikiwemo:

Serengeti: Mwafrika Mashariki Sh 11,800. Mgeni wa nje dola 82.60 msimu wa juu, na Juni ni msimu wa juu.
Ngorongoro: Mwafrika Mashariki Sh 11,800. Mgeni wa nje dola 70.80.
Mtoto wa miaka 5 hadi 15, raia: Sh 2,360. Chini ya miaka 5 bure.

Kwa hiyo ninyi watano kwa pamoja mnalipa chini ya nusu ya ada ya shemeji peke yake. Ukiona ankara ina mstari mmoja wa "ada za hifadhi, watu 6" wenye tarakimu moja kubwa, irudishe. Omba ivunjwe: ada ya kila mtu kwa uraia wake, ada ya gari, ada ya kulala ndani ya hifadhi (hii hutofautiana na ada ya chumba), ada ya kushuka kreta, kukodi gari, mafuta, posho ya dereva, chakula. Ada ya kushuka kreta kwa wageni wa nje ni dola 295 VAT ikiwemo, nayo hutozwa kwa gari, haigawanywi kwa kichwa. Mwambie wakala tangu mwanzo kwamba kundi ni mchanganyiko ili vibali viandaliwe hivyo, si kubishana getini.

Uraia unathibitishwa kwa karatasi. Watu wazima kitambulisho cha NIDA au pasipoti. Watoto nakala ya cheti cha kuzaliwa. Huyu wa miaka 12 ni mrefu tayari, na bila karatasi utakuwa unabishana umri na uraia kwa wakati mmoja. Langoni hawapokei fedha taslimu. Ni kadi au kumbukumbu namba ya malipo, na mtandao ukilala unaweza kusimama getini saa nzima huku kibali cha ulikotoka kinaendelea kuhesabika. Wakala mzuri hulipia siku moja kabla.

Jambo lingine: safari yenu inavuka tarehe 1 Julai, mwaka mpya wa fedha wa serikali. Ada zikibadilika, mara nyingi ndipo zinapoanza. Andikeni kwenye mkataba kwamba vibali vyote vya mbuga ni vya Juni. Na bei mtajiwe kwa shilingi. Tangu Machi 2025 kanuni zinakataza kutangaza bei na kudai malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, hivyo wakala anayekwambia "dola tu" kwa kundi la Watanzania anakuonea.

Sasa ndege. Mwenzangu hapo juu hajasema mnatokaje Serengeti. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuruka kutoka Seronera hadi Zanzibar, ndege ndogo, kwa kawaida ikipitia Arusha. Faida: mama hakanyagi tena barabara ile, na shemeji halipi Ngorongoro mara ya pili, maana kurudi kwa gari kupitia Loduare ni kibali kingine. Hasara: tiketi sita, na bei ya raia kwenye ndege hizi haina punguzo kama la hifadhi. Ya pili ni kurudi na gari hadi Arusha, saa 7 hadi 8 kutoka Seronera, kulala, kisha kuruka kwenda Zanzibar kutoka KIA au Arusha kwa tiketi ya kawaida. Kwa watu sita, mimi ningechagua ya pili. Dola 70.80 za shemeji ni ndogo kuliko tofauti ya tiketi sita.

Dereva_Kisongo

Hesabu_Kwanza, kwa pesa uko sahihi. Ila goti la miaka 68 kwa saa 8 mfululizo? Kama wanarudi kwa gari basi wasifanye siku moja. Watoke Seronera baada ya kifungua kinywa, walale Karatu, asubuhi wamalizie Arusha. Inaongeza usiku mmoja lakini wa bei ya Karatu, si ya hifadhini.

Na wakiruka kutoka Seronera: kilo 15 kwa mtu, begi la mkononi likiwemo, na begi liwe laini lisilo na fremu wala magurudumu. Sanduku gumu haliingii kwenye tumbo la ndege zile hata kama lina kilo 10. Viwanja vya hifadhini havina taa, hivyo ndege ya alasiri ikichelewa sana inahamishiwa kesho. Msipange boti au ndege nyingine ya kimataifa siku hiyohiyo.

Pwani_Kaskazini

Assalaam alaykum. Swali la 4 naona limeachwa.

Juni ni kusi. Upepo unatoka kusini na kupiga pwani yote ya mashariki: Jambiani, Paje, Bwejuu, hadi Kiwengwa na Matemwe. Kwa wanaoteleza na tiara Paje ndiyo raha yao, kwa mtoto wa miaka 7 anayejifunza kuogelea ni mawimbi na mchanga machoni. Nungwi upande wa magharibi na Kendwa zimekingwa na kisiwa chenyewe. Nendeni Kendwa au Nungwi.

Sababu ya pili ni maji kupwa. Mashariki kuna miamba mbali na ufuo, na kati yake na mchanga ni kina kifupi. Maji yakipwa, bahari inaondoka mamia ya mita na kinachobaki ni mwani, madimbwi na wale wadudu wenye miiba mirefu myeusi. Hoteli haitakwambia, picha zao zote zimepigwa maji yakiwa yamejaa. Kendwa tofauti hiyo ni ndogo sana, unaogelea karibu muda wowote.

Kama mnang'ang'ania mashariki kwa sababu ya bei, basi tazameni mwezi kabla ya kulipa. Siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua: maji hujaa karibu saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na kupwa kabisa ni saa 4 asubuhi, yaani wakati ule watoto wamemaliza chai na wanataka kuingia majini. Siku saba baadaye ni maji mafu: hujaa saa 4 au 5 asubuhi na wala hayaendi mbali yakipwa. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo hoteli hiyohiyo inaweza kuwa pepo wiki moja na uwanja wa matope wiki inayofuata. Viatu vya mpira vya kuvaa majini ni lazima upande ule.

Usiku mmoja wa mwisho kaeni Mjini. Kutoka Nungwi hadi Mjini ni saa moja na nusu kwa gari, zaidi kukiwa na foleni Darajani, na hutaki kuikimbilia boti ya asubuhi kutoka huko. Ukiwa Mjini una Forodhani jioni na kisiwa cha Changuu kwa kobe, watoto wanatosheka. Kima punju wa Jozani wako njia ya kusini, hivyo usiwachanganye siku moja na Nungwi.

Shemeji anunue bima ya Zanzibar mtandaoni kabla hajafika, dola 44. Inadaiwa kwa wageni wa nje tangu 1 Oktoba 2024, hata anayetoka bara kwa boti, na bima yake ya Ujerumani haihesabiki. Nanyi mbebe vitambulisho vyenu halisi. Nauli ya raia kwenye boti inategemea hicho.

Tsavo_Mashariki

Kwa upande wa Kenya, ikiwa shemeji bado anaota mto Mara: msidhani mtavuka kutoka Serengeti kuingia Maasai Mara kwa gari. Mpaka wa Sand River umefungwa kwa watalii miaka mingi, inabidi kuzunguka hadi Sirari na Isebania, siku nzima. Na kwa mgeni asiye mkaazi, Mara ni dola 100 hadi 30 Juni, kuanzia 1 Julai ni dola 200, tena tiketi ni ya saa 12 tu, saa 12 asubuhi hadi saa 12 jioni. Kwa siku tisa, achaneni nayo.

Wakitaka mwaka mwingine mpango wa bei nafuu: treni ya SGR kutoka Nairobi, ile ya asubuhi inayosimama vituoni, mshuke Voi. Lango la Tsavo Mashariki liko karibu na mji. Siku mbili hapo, kisha treni hadi Miritini, kituo cha Mombasa, na gari hadi Diani kwa barabara ya Dongo Kundu bila kupanga foleni ya feri ya Likoni. Tembo wekundu wa vumbi la Tsavo hawatafutwi, wako barabarani. Ila msibebe chupa za plastiki za kutumia mara moja. Kenya zimepigwa marufuku hifadhini tangu Juni 2020.

MamaWawili_Tabata

Asanteni sana, nimejifunza mengi. Nimepiga hesabu na kweli ankara ya wakala mmoja imetuhesabu sote kama wageni. Nimeirudisha.

Bado mambo mawili. Swali la 5 halijajibiwa: kama Serengeti ikishindikana, Mikumi au Nyerere? Na pia Saadani, maana nasikia kule mbuga na bahari viko pamoja. Halafu mama anaogopa boti. Je, ni lazima turuke kutoka Zanzibar kurudi Dar?

Hesabu_Kwanza

Mikumi, bila kusita. SGR Dar hadi Morogoro ni chini ya saa mbili, nauli ya kawaida Sh 13,000 mtu mzima, kisha gari la kukodi kilomita kama 100 hadi hifadhini. Ada ya raia ni nusu ya Serengeti, Sh 5,900 VAT ikiwemo. Usiku mbili zinatosha: alasiri moja, siku moja nzima, asubuhi moja, zote mkizunguka uwanda wa Mkata, ambako majani huwa yameanza kukauka mwishoni mwa Juni. Kuna vyumba vya TANAPA ndani ya hifadhi vya bei ya raia, lakini vichache, na likizo ya shule vinajaa. Mkienda na gari lenu, ile barabara kuu inayokatiza hifadhi ina vikomo vya mwendo na kamera, na kugonga mnyama kuna faini yenye orodha kamili kwa kila aina ya mnyama.

Nyerere ni nzuri kuliko Mikumi kwa sababu ya boti ya Rufiji, viboko na mamba kwa karibu. Lakini njia ya Kibiti hadi Mloka inakula siku, na sehemu ya mwisho ni vumbi. Kwa goti la mama, Nyerere ni ya ndege au isiwe.

Saadani ni kweli ndiyo hifadhi ya taifa yenye ufukwe bara, lakini usiende kwa matumaini ya vyote viwili kwa kiwango cha juu. Wanyama ni wachache na waoga, na bahari karibu na mdomo wa Wami ni ya tope. Inafaa kwa wikiendi ya mtu wa Bagamoyo.

Mbung'o wapo Mikumi, Nyerere na magharibi ya Serengeti. Nguo za bluu iliyokolea na nyeusi zinawaita. Watoto wasivae sare zao za michezo za shule.

Pwani_Kaskazini

Boti: wakati wa kusi, kwenda Zanzibar mawimbi yanakusukuma kwa nyuma, ni nafuu. Kurudi Dar ndipo boti inayapanda kwa uso, na hapo ndipo watu hutapika. Kwa hiyo kama mnatoka Arusha kwa ndege hadi Zanzibar, mnakutana na upande mbaya tu. Kama pesa ipo, mama na mtu mmoja waruke Zanzibar hadi Dar, ni dakika 20 angani, wengine mpande boti.

Akikubali boti, chukueni ile ya saa 1 asubuhi, kabla upepo haujapanda. Mama akae ghorofa ya chini, katikati kuelekea nyuma, si mbele wala juu kwenye viti vya bei kubwa, maana huko ndiko kunakoyumba zaidi. Dawa ya kichefuchefu imezwe saa moja kabla ya kuondoka. Ikimezwa baada ya kuanza kujisikia vibaya inatoka nayo. Aulize daktari wake kwanza kama anatumia dawa za presha. Ale mkate mkavu kidogo, asiende na tumbo tupu. Na muwe bandarini saa 12 kasoro, mizigo inapimwa na foleni ya likizo ni ndefu.